Kompyuta Kuukuu Shuleni: Namna ya Kutafuta Ubovu, Kuiongezea Nguvu na Kuifundishia

Utangulizi

Mwalimu anayehitimu katika chuo cha ualimu cha Korogwe au cha Handeni huenda akapangiwa shule ambayo kompyuta yake, ikiwa ipo, si mpya. Yaweza kuwa ni kompyuta ya mezani iliyotumika miaka mingi ofisini kabla ya kuletwa shuleni, au iliyotolewa na wafadhili kutoka Ulaya au Marekani, na ambayo sasa imefunikwa kitambaa katika kona ya ofisi ya mwalimu mkuu. Mwalimu mgeni akiuliza habari zake ataambiwa kwa ufupi, "Hiyo ni mbovu, mwalimu."

Katika makala haya tunakusudia kulichunguza neno hilo "mbovu". Tutaonyesha kwamba neno hilo halielezi kitu chochote mpaka mtu awe ameuliza maswali kadhaa kwa mpango. Kwamba maswali hayo yako ndani ya uwezo wa mwalimu wa shule ya msingi asiye fundi. Na kwamba mpango wenyewe wa kuuliza ni somo linalostahili kufundishwa kwa watoto. Jambo hili si dogo. Pale kompyuta inapokaa chini ya kitambaa, watoto hujifunza TEHAMA kwa kunakili ubaoni picha ya kipanya ambacho hawajapata kukigusa.

Funzo la historia

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mashine hizo kuigharimu nchi fedha nyingi za kigeni bila ya kuleta faida iliyotarajiwa, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta ila kwa kibali maalum. Marufuku hayo yalilegezwa baadaye hatua kwa hatua. Mwaka 2003 nchi ikapata Sera ya Taifa ya TEHAMA, na kuanzia mwaka 2005, kwa msaada wa Sweden, kompyuta zikaanza kupelekwa katika vyuo vya ualimu vya Serikali. Mwaka 2007 ikatolewa sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi.

Funzo tunalolipata ni hili: kununua mashine ni jambo moja, na kuwa na watu wanaoielewa ni jambo jingine. Taifa laweza kulipia mashine nyingi na bado lisifaidike nazo, na shule hali kadhalika. Aidha, falsafa ya Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967 ilitutaka tukitumie kile tulicho nacho kwa akili zetu wenyewe. Wahenga nao walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Kompyuta kuukuu ndiyo mbachao wetu.

Sehemu za kompyuta na kazi zake

Kabla ya kutafuta ubovu, mwalimu hana budi kuzielewa sehemu kuu chache. Tutazieleza kwa mfano wa chumba cha mwalimu.

Prosesa ni mwalimu mwenyewe, anayefanya hesabu na kutoa amri. Kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita ramu, ni meza yake: vitabu anavyovitumia sasa hivi hukaa hapo, na umeme ukikatika meza hufutwa yote. Diski ni kabati: humo huhifadhiwa vitabu vyote, hata umeme usipokuwapo. Ubao mkuu, unaoitwa madabodi, ni sakafu na njia za chumba zinazounganisha meza, kabati na mwalimu. Kisanduku cha umeme, yaani pawa saplai, huupokea umeme wa ukutani wa volti 230 na kuugeuza kuwa wa volti ndogo za 12, 5 na 3.3 zinazofaa kwa sehemu za ndani.

Mfano huu unatusaidia kueleza kwa nini kompyuta kuukuu huenda polepole. Meza ikiwa ndogo, mwalimu hulazimika kila mara kurudisha kitabu kabatini ili apate nafasi ya kufungua kingine. Muda mwingi hupotea katika kwenda na kurudi, ijapokuwa mwalimu mwenyewe si mvivu. Kwa hiyo kuipanua meza, au kuweka kabati lililo jepesi kufunguka, huleta nafuu kubwa bila ya kubadili mwalimu.

Kanuni tano za kutafuta ubovu

Kutafuta ubovu si kubahatisha. Anayebahatisha hufungua kila kitu kwa pamoja, hubadili vitu vitatu kwa wakati mmoja, na kompyuta ikiwaka hajui ni kipi kilichoiponya. Tunashauri kanuni zifuatazo:

(a) Uliza kwanza. Iliacha kuwaka lini? Je, ilikuwa ni baada ya umeme kukatika, baada ya kuhamishwa, au baada ya kuwekewa programu mpya? Aliyekuwapo siku hiyo anajua zaidi kuliko aliyekuja leo.

(b) Anza nje, uende ndani. Soketi, waya na swichi hukaguliwa kabla ya bisibisi kushikwa.

(c) Badili kitu kimoja tu kwa mara moja, kisha jaribu.

(d) Linganisha na kilicho kizima. Waya unaoshukiwa uhamishiwe kwenye kompyuta inayofanya kazi. Ukifanya kazi huko, basi hauna hatia.

(e) Andika. Katika daftari la kompyuta iandikwe tarehe, dalili, ulichojaribu na matokeo. Mwalimu atakayekuja baada yako asianze upya.

Dalili za kawaida na hatua za kuchukua

Kompyuta haionyeshi dalili yoyote ya uhai. Jaribu soketi kwa kifaa kingine kama vile taa. Kagua waya wa umeme na swichi iliyo nyuma ya kisanduku cha umeme. Hapa pana hatari ambayo mwalimu asiisahau. Visanduku vingi vya zamani vina swichi ndogo, aghalabu nyekundu, yenye namba mbili: 115 na 230. Marekani hutumia umeme wa volti 120 hivi, sisi hutumia volti 230. Kompyuta ya msaada ikichomekwa hapa kwetu swichi ikiwa kwenye 115, kisanduku chaweza kuungua mara moja. Swichi hiyo ikaguliwe kabla kompyuta ya msaada haijachomekwa hata mara moja.

Feni inazunguka lakini skrini ni nyeusi. Hakikisha kwamba skrini yenyewe imewashwa na waya wake umekaza pande zote mbili. Ikiwa ni nzima, sababu moja ya kawaida ni vipande vya ramu kulegea au meno yao kushika kutu na vumbi. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, na kibonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Kisha shika chuma cha kasha kwa mkono ili umeme tuli wa mwilini utoke. Toa kipande cha ramu, sugua meno yake kwa upole kwa kifutio cha penseli, pangusa mabaki kwa kitambaa kikavu, na ukirudishe mpaka vibanio vya pembeni vilie. Vipande vikiwa viwili, jaribu kimoja kimoja.

Kompyuta inalia milio. Milio hiyo ni lugha. Mlio mmoja mfupi katika kompyuta nyingi ni salamu njema, na milio inayorudiwa kwa mpango ni taarifa ya ubovu. Maana yake hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo ihesabiwe, iandikwe mirefu na mifupi, kisha itafutwe katika kitabu cha mtengenezaji huyo.

Saa na tarehe hurudi nyuma kila kompyuta inapozimwa. Betri ndogo ya duara mfano wa sarafu iliyo kwenye ubao mkuu imekwisha. Ni betri ya volti 3 yenye alama CR2032. Tarehe isipokuwa sahihi, kompyuta hushindwa pia kufungua kurasa nyingi za intaneti, kwa vile vyeti vya usalama vya kurasa hizo vina tarehe za kuanza na za kwisha. Watu wengi hudhani kwamba intaneti ndiyo mbovu, kumbe ni betri.

Kompyuta huzimika yenyewe baada ya dakika kadhaa. Mara nyingi ni joto. Vumbi hujaa katika feni na katika mapezi ya chuma yaliyo juu ya prosesa, hewa ikakosa pa kupita. Lisafishwe kwa brashi laini ya rangi, nje ya chumba, huku feni ikizuiwa kwa kidole isizunguke ovyo. Iwapo joto linaendelea, krimu ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na mapezi huenda imekauka, na hiyo ni kazi ya kumwachia fundi.

Diski inagonga au kusaga. Simamisha kazi zote na unakili matokeo ya mitihani na orodha za wanafunzi upesi, kwani diski hiyo yaweza kufa wakati wowote. Kompyuta hufufuliwa kwa sehemu mpya, lakini alama za watoto zilizopotea hazina duka.

Mwalimu aangalie pia mitungi midogo iliyosimama kwenye ubao mkuu, iitwayo kapasita. Vichwa vyake vinapaswa kuwa bapa. Vilivyovimba au kuvuja majimaji ya kahawia vinaonyesha ubao uliochoka. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa katika miaka ya mwanzo ya 2000 ziliharibika kwa sababu hiyo duniani kote.

Mipaka ya mwalimu

Yapo mambo mawili ambayo mwalimu asiyafanye kamwe. Asikifungue kisanduku cha umeme, wala asifungue skrini ya zamani yenye mgongo mkubwa. Vifaa hivi huweka umeme ndani yake hata baada ya kuchomolewa, na ule wa skrini waweza kufikia maelfu ya volti. Aidha, kompyuta ya shule ni mali ya umma iliyoandikwa katika daftari la mali. Isifunguliwe wala kutolewa kipande bila ya idhini ya mwalimu mkuu, na kila kipande kinachohamishwa kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kiandikwe.

Kuiongezea nguvu

Kompyuta ikiwa nzima lakini nzito, hatua mbili huleta faida kuliko nyingine zote.

Hatua ya kwanza ni kuongeza ramu, yaani kupanua meza. Kompyuta yenye gigabaiti 1 inayopewa 4 hubadilika sana. Walakini vipande vya ramu havichanganywi ovyo. Vipo vizazi vya DDR, DDR2, DDR3 na DDR4, na pengo katika meno ya kila kizazi limewekwa mahali tofauti ili kisiingie kwenye nafasi isiyo yake. Kikikataa kuingia kisilazimishwe. Soma maandishi yake na utafute cha aina ileile. Ifahamike pia kwamba programu endeshi ya biti 32 kwa kawaida haiwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4, hata ukiongeza.

Hatua ya pili ni kubadili diski. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka, aghalabu mara 7,200 kwa dakika, na mkono unaosoma juu yake. Diski ya kisasa, iitwayo esesidi, haina kitu kinachozunguka, na kwa hiyo husoma upesi zaidi na haisumbuliwi sana na mtikisiko. Kabla ya kununua, tazama waya wa diski iliyopo. Ukiwa mwembamba wa SATA, esesidi ya kawaida itaingia. Ukiwa mpana mfano wa utepe, kompyuta ni ya kizazi cha nyuma zaidi, na gharama haitalipa.

Ikiwa shule ina kompyuta mbili zisizofanya kazi, mara nyingi huwezekana kupata moja nzima kutokana nazo. Ramu ya hii na diski ya ile, zikiwa za aina inayolingana, huungana. Kwa shule iliyo ndani ya Handeni faida yake ni kubwa. Kutoka Handeni mjini hadi Korogwe ni kilomita 65 hivi, na kutoka vijijini ni zaidi. Nauli ya kumpelekea fundi kasha zima yaweza kuzidi bei ya betri ambayo ndiyo tu iliyohitajika.

Kuhusu programu endeshi, mwalimu ajue kwamba kila toleo lina umri wake. Microsoft iliacha kuitunza Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo huzikataa kompyuta nyingi za zamani, kwani hudai prosesa za karibuni na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta iliyokataliwa haijafa. Inaweza kuwekewa Linux ya aina nyepesi, ambayo haiuzwi, au ikatumika bila ya intaneti kwa kuandika na kukokotoa. Nasi tunalo jambo la kujivunia katika njia hiyo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili. Hapakuwa na sababu ya kumsubiri mtu wa nje atutafsirie.

Kufundishia kompyuta mbovu

Sasa tufikie kazi yetu hasa, yaani kufundisha. Tunapendekeza somo la vipindi viwili kwa darasa la tano au la sita.

Katika kipindi cha kwanza, anza na kinachojulikana. Leta tochi ambayo umeigeuza betri moja kwa makusudi. Waulize watoto: kwa nini haiwaki? Watataja betri, globu na swichi. Usiwaambie jibu. Chora ubaoni safu tatu: Tulichodhani, Tulichojaribu, Tulichoona. Kila wazo lijaribiwe peke yake na liandikwe, hata lile lililokosea, kwa kuwa wazo lililokosea limepunguza idadi ya yaliyobaki. Mtoto akitaka kubadili betri na globu kwa pamoja, muulize atajuaje ni kipi kilichokuwa kibovu.

Katika kipindi cha pili, hamia kwenye kompyuta. Kabla ya watoto kuingia, legeza waya wa skrini au chomoa kipanya. Watoto watumie safu zilezile tatu. Mwalimu aushughulikie umeme wa ukutani yeye mwenyewe. Watoto wakague nyaya za vifaa tu.

Darasa likiwa na watoto 60 na kompyuta 4, wasirundikane wote. Watoto 20 wawe kwenye kompyuta, watano kwa kila moja, huku 40 wakifanya kazi nyingine: baadhi wachore na kutaja sehemu za kompyuta iliyokufa kabisa, iliyofunguliwa na isiyo na umeme, na wengine waandike taarifa ya tochi. Katika vipindi vinavyofuata makundi yabadilishane. Ndani ya kundi la watano pawe na msomaji wa maelekezo, mwendeshaji, mwandishi, mwangalizi wa usalama na msemaji, na kazi hizo zizunguke. Bila ya mzunguko huo, mtoto mwenye nguvu atakishika kipanya mwaka mzima, na aghalabu wasichana watabaki kutazama.

Ndipo tunapoona kwamba kompyuta iliyokufa nayo ni zana. Kompyuta mpya mwalimu huogopa kuifungua. Iliyokufa watoto huweza kuiona moyoni mwake, wakashika feni, wakasoma namba za ramu na wakafahamu kwamba mashine ni kazi ya mikono na akili za watu. Visanduku vya umeme na skrini kubwa vitengwe, na baada ya somo mabaki yasichomwe moto wala kutupwa katika shimo la takataka, kwani mbao zake nyingi zina risasi na moshi wa nyaya ni sumu. Yahifadhiwe mahali pakavu mpaka yakabidhiwe kwa wanaohusika.

Utunzaji

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kompyuta ifunikwe baada ya kazi, lakini kamwe isifunikwe ikiwa inawaka. Chumba kipigwe deki kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kufagiliwa vumbi likatimka. Kasha lisafishwe ndani kila muhula, na liinuliwe juu ya meza badala ya kukaa sakafuni. Umeme ukikatika, chomoa. Usirudishe mpaka dakika chache zimepita tangu umeme urudi na kutulia, maana mshtuko wa kurudi huua kuliko giza. Radi inaponguruma, chomoa pia.

Hitimisho

Hatukuandika makala haya ili kumgeuza mwalimu kuwa fundi. Zitakuwapo kompyuta ambazo hazitapona, na mwalimu aliyefuata kanuni tano ataweza kumwambia mwalimu mkuu kwa ushahidi wa daftari kwamba hii imekufa, na hii inahitaji betri tu. Kauli hizo mbili zina thamani kwa shule yenye fedha kidogo. Thamani kubwa zaidi ni ya mtoto aliyejifunza kudhani, kujaribu na kuandika, kwani mpango huohuo utamfaa kesho mbele ya baiskeli, pampu ya maji, au mche wa mahindi unaonyauka shambani.

Maswali ya kujadili

1. Mwalimu mwenzako anasema kwamba intaneti ya shule ni mbovu kwa sababu kurasa hazifunguki. Ni maswali gani matatu utakayomwuliza kwanza, na kwa utaratibu gani?

2. Andaa andalio la somo la tochi kwa darasa la tano, ukionyesha mahali ambapo watoto wataruhusiwa kukosea.

3. Shule ina fedha za kununua kitu kimoja tu: ramu, esesidi au betri ya ubao mkuu. Eleza utakavyoamua, na ushahidi utakaoutafuta kabla ya kuamua.